Hoja Tatu Zilizopita Bunju

Wabunge wetu tunawajua kwa sauti. Tunajua nani ana maneno makali, nani anajua kuchekesha ukumbi, nani akisimama kuomba mwongozo kiti cha Spika hukosa raha. Kuna kazi nyingine ya mbunge ambayo haisikiki redioni wala haipigiwi makofi, nayo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa: kukaa na karatasi usiku na kuandika hoja binafsi, neno kwa neno, hadi iwe ngumu kuikwepa.

Mfano wangu ni msimu mmoja wa Bunge la Kumi, kuanzia Novemba 2012 hadi Februari 2013. Katika miezi hiyo hoja kadhaa za wabunge wasio mawaziri zilifika Dodoma zikifuatana. Iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya Zitto Kabwe, kuhusu fedha zilizodaiwa kufichwa Uswisi. Lakini mimi ni mtu wa Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, na nilizozifuatilia kwa karibu ni nyingine tatu. Halima Mdee alileta hoja ya ardhi, na yeye ndiye aliyekuwa mbunge wetu wa Kawe. James Mbatia, mbunge wa kuteuliwa, alileta hoja ya elimu. Naye mwaka 2010 aliomba kura zetu hizi hizi za Kawe akashindwa na Mdee. John Mnyika wa Ubungo alileta hoja ya maji ya Dar es Salaam, na bomba kubwa linalotoka mtambo wa maji wa Ruvu Chini kuja mjini linapita huku kwetu, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakuleta miswada, ikiwa kazi ya Bunge ni kutunga sheria. Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge asiye waziri kuleta muswada binafsi. Kikwazo kimo ndani ya Katiba. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia jambo la kuongeza kodi au kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa kwa pendekezo la Rais linaloletwa na waziri. Jaribu sasa kufikiria sheria ya maji, ya shule au ya ardhi isiyogusa senti ya serikali. Tena serikali ina waandishi wa sheria waliobobea katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, wanaojua kifungu kipya kikiingia hapa kinavunja kifungu gani kule. Mbunge wa kambi ya upinzani ana kompyuta yake, msaidizi mmoja au wawili, na marafiki wanasheria wa kuwapigia simu usiku. Kwa hiyo mwenye akili huchagua chombo anachoweza kukimudu. Hoja haitungi sheria. Inaliomba Bunge liazimie jambo, na azimio la Bunge, likishapita, serikali inapaswa kulijibu.

Umbo la hoja ni la zamani na halibadiliki sana. Kwanza zinakuja sababu, kila moja katika aya yake, ikianza na KWA KUWA kwa herufi kubwa. Inayofuata huanza NA KWA KUWA. Zinapangana hivyo, tano, saba, kumi, na baada yake linakuja KWA HIYO BASI, kisha ombi lenyewe: Bunge linaazimia kwamba serikali ifanye moja, mbili, tatu. Msemaji akimaliza maelezo yake hutamka, "Naomba kutoa hoja," wenzake husimama kuiunga mkono, na mlango wa mjadala unafunguka.

Umbo hilo linaonekana jepesi, na ndiyo maana wengi hulichezea. Mwandishi mvivu hujaza KWA KUWA zake malalamiko: wananchi wanateseka, hali ni mbaya, serikali imelala. Hayo yanaweza kuwa kweli tupu, lakini waziri anayajibu kwa sentensi moja kwamba serikali inajali. Mwandishi fundi huweka katika kila KWA KUWA jambo ambalo waziri mwenyewe hawezi kulikana: kifungu cha sheria iliyopo, ahadi iliyomo katika hotuba ya bajeti, takwimu za wizara ile ile. Sababu ya pili inasimama juu ya ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili, hadi msomaji anapofika kwenye KWA HIYO BASI anaona ombi linakuja lenyewe bila kusukumwa. Nimezisoma hoja nyingi katika Taarifa Rasmi za Bunge, na ile iliyopangwa vizuri huitambua kwa jambo moja: ukiondoa aya moja ya katikati, zinazobaki zinayumba.

Sehemu ngumu kupita zote ni ombi. Likiwa pana mno, waziri atasema tayari tunalifanyia kazi. Likiwa kali mno, wabunge wa chama tawala hawataligusa hata kama moyoni wanalikubali. Mbunge wa upinzani katika Bunge la Kumi alijua kwamba hesabu ya kura haikuwa yake. Ilimpasa aandike maneno ambayo mtu wa upande wa pili angeweza kuyasemea "ndiyo" na bado akarudi jimboni kwake salama.

Hapo ndipo ninapoipa hoja ya ardhi alama za juu kuliko mbili nyingine. Mdee ni mwanasheria, na wakati ule alikuwa waziri kivuli wa ardhi. Suala lilikuwa limeiva. Kisarawe, wilaya jirani na Dar es Salaam, kampuni ya Sun Biofuels ilikuwa imepata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji kwa ajili ya kilimo cha mibono, na mwaka 2011 ikafilisika. Habari za kampuni ya AgriSol na mpango wake wa mashamba makubwa Katumba na Mishamo zilikuwa zimeenea nchi nzima. Angeweza kuomba sheria za ardhi za 1999 ziandikwe upya, au mikataba yote ifutwe. Alichoomba ni kusitisha: ugawaji wa maeneo makubwa kwa wawekezaji, wa nje na wa ndani, usimame kwanza mpaka tathmini ifanyike ijulikane nani ana ardhi gani na anaifanyia nini.

Litazame ombi hilo vizuri. Kusitisha hakuhitaji fedha za Hazina. Hakumnyang'anyi mtu kitu alichonacho. Kutaja wawekezaji wa ndani pamoja na wa nje kunaziba mdomo wa atakayesema hii ni chuki dhidi ya wageni. Na tathmini ni jambo ambalo hakuna waziri anayeweza kusimama hadharani akalipinga, kwa sababu kulipinga ni kukiri kwamba serikali haitaki kujua ardhi yake iko mikononi mwa nani. Bunge liliipitisha Novemba 2012. Mwezi uliofuata ofisi ya Waziri Mkuu ilithibitisha kwamba kuanzia Januari 2013 mwekezaji mmoja asingezidi hekta 10,000 kwa miwa na hekta 5,000 kwa mpunga. Sifa hiyo siibebeshi karatasi moja. Wanavijiji na watetezi wa haki za ardhi walikuwa wamepiga kelele kwa miaka. Ila kelele zile zilipata aya na namba za kusimamia.

Kwetu Bunju jambo hili halikuwa la mbali. Eneo hili lilikuwa mashamba ya mihogo, minazi na mikorosho, kisha likaingia katika Mradi wa Viwanja 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waliokumbwa na maji mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Chasimba wananchi walivutana kwa miaka na kiwanda cha saruji cha Wazo. Mtu wa huku hahitaji kufundishwa maana ya kujua nani ana ardhi gani.

Hoja ya Mbatia kuhusu udhaifu wa elimu ilikuwa na moto wa haki, na ilikuja kwa wakati wake. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba uzito mwingi uliegemea juu ya mtaala, na mjadala ukaishia kubishania kama mtaala upo au haupo. Waziri Shukuru Kawambwa alisema upo, na suala la mtoto asiyejua kusoma likapotea humo. Hoja haikupita alivyoitaka mwenyewe. Kisha tarehe 18 Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne: kati ya watahiniwa 397,136, waliopata sifuri walikuwa 240,903. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mbatia akawekwa ndani yake. Bunge lilichokataa kuazimia mwanzoni mwa mwezi, serikali ikalazimika kukichunguza wiki chache baadaye.

Ya Mnyika iliniuma zaidi, kwa sababu ya ndoo. Nyumba nyingi za huku zilikuwa zikinunua maji kwa madumu au kwa maboza, huku maji ya Ruvu yakipita chini ya miguu yetu kwenda kwingine. Mnyika alifanya kazi kubwa ya utafiti. Anajulikana kwa hilo hata na wanaompinga. Lakini aliomba hatua za haraka kwa maji safi na pia kwa mfumo wa majitaka wa jiji zima. Upana huo ulimpa Waziri Jumanne Maghembe nafasi ya kusema kwamba serikali ina mpango mkubwa unaoendelea, na kwa msingi huo akatoa hoja kwamba hoja ya Mnyika iondolewe. Naibu Spika Job Ndugai, aliyekuwa kitini, akawahoji wabunge, wengi wakasema ndiyo, na ukumbi ukachafuka kwa kelele. Hata hivyo waziri alikuwa ameshaiweka mipango ya serikali katika kumbukumbu za Bunge, mbele ya nchi iliyokuwa ikitazama kwenye TBC. Upanuzi wa Ruvu Chini, kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, ulikuja kukamilika, na bomba jipya likalazwa kupita huku huku. Ningependa angeleta hoja mbili fupi badala ya moja ndefu. Kuondoa hoja ya maji peke yake kungekuwa kugumu zaidi.

Uwezo wa kukata na kupunguza nauona pia kwa Njoki Ndung'u wa Kenya, naye mbunge wa kuteuliwa, aliyefanikiwa kupitisha muswada binafsi wa makosa ya kingono mwaka 2006 katika Bunge lililojaa wanaume, ambamo baadhi waliuchukia waziwazi. Ilibidi aache kifungu cha ubakaji ndani ya ndoa na kile cha ukeketaji, na akavumilia kuingizwa kwa kifungu cha 38 cha kuwaadhibu watakaoonekana kutoa madai ya uongo. Kuna walioona amekubali mengi mno. Nadhani alipima sawasawa. Sheria ilianza kazi Julai 2006, ukeketaji ukapata sheria yake mwaka 2011, na kifungu cha 38 kikafutwa baadaye.

Kazi hii ya kuandika haina picha ya kuweka kwenye bango la kampeni, na mbunge anayeifanya vizuri anaweza kupoteza kiti bila mpiga kura hata mmoja kujua alichoandika. Sisi wapiga kura tuna sehemu ya lawama. Taarifa Rasmi za Bunge zipo kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili, na kuzisoma ni bure. Tafuta ya Novemba 2012 na ya Februari 2013, usome hoja hizi tatu mwenyewe, upime kama nimezitendea haki. Na mgombea yeyote atakayefika Bunju, Boko au Mabwepande kuomba kura, awe wa chama chochote, mwulize ataandika hoja gani, na ombi lake litasomekaje.