Mto Floss na Mji wa St Ogg's

Msomaji, ukiutafuta mji wa St Ogg's katika ramani ya Uingereza hutauona, wala hutauona mto uitwao Floss. Yote miwili imo katika riwaya ya The Mill on the Floss tu, iliyotolewa mwaka 1860 katika juzuu 3 na George Eliot, jina la uandishi la bibi Mary Ann Evans. Lakini ishike ramani hiyo hiyo, ulitafute jimbo la Lincolnshire, na kwenye ukingo wa mashariki wa mto Trent utauona mji wa Gainsborough. Huo ndio mji uliompa mwandishi kielelezo chake.

Mwandishi huyu hakuwa mwenyeji wa huko. Alizaliwa mwaka 1819 katika jimbo la Warwickshire, bara kabisa, ambako mito ni midogo na bahari i mbali. Kwa nini basi hakuiandika mito ya kwao aliyoijua tangu utotoni? Kwa sababu hadithi yake ilitaka mto wenye nguvu, mto ambao bahari inauingia. Wewe uliyekaa pwani unajua maji kujaa na kupwa. Lakini katika mto Trent maji ya bahari hupanda mto wenyewe, na wakati wa bamvua huja kwa wimbi moja lililosimama toka ukingo hata ukingo, likienda kinyume cha mkondo. Wenyeji huliita aegir. Mwaka 1859 George Eliot alikwenda Gainsborough pamoja na George Henry Lewes kuutazama mto huo, na hakurudi mikono mitupu.

Sasa uangalie mji anaotujengea. Tunaona mapaa mekundu, maghala yenye mapaa mapana kando ya gati, na vyombo vilivyoshehenezwa mbao, mbegu za mafuta na makaa ya mawe. Kuna jumba la kale, ambamo mabibi wa mji hufanya mnada wa sadaka. Na Gainsborough kweli liko jumba kama hilo, lililojengwa katika karne ya 15, ambalo Mfalme Henry VIII alilala mwaka 1541. Mji wenyewe ni wa kale kuliko jumba hilo: Sweyn, mfalme wa Wadenmark aliyeishinda Uingereza, alifia hapo mwaka 1014. George Eliot anatutajia wavamizi hao, kisha anatuambia hekaya ya Ogg mvushaji. Usiku mmoja wa dhoruba mwanamke mwenye mtoto mikononi aliomba kuvushwa; wengine wakamwuliza sababu ya haraka yake, Ogg akamvusha bila kumwuliza neno. Mwanamke huyo alikuwa Bikira Maria, naye akakibariki chombo chake.

Ishike hekaya hii, maana ndiyo mizani ya kitabu kizima. Mji umechukua jina la mtu aliyemhurumia mwenye shida bila kumdadisi, na watu wanaokaa humo hawajui kazi nyingine ila kudadisi.

Mto katika kitabu hiki si pambo. Bwana Tulliver ni msagishaji. Gurudumu la kinu chake linaendeshwa na maji ya kijito cha Ripple, kinachoingia katika Floss. Jirani yake wa juu, Pivart, anataka kuyatumia maji hayo kumwagilia mashamba. Tulliver anaona ni wizi, anakwenda mahakamani, anashindwa na wakili Wakem, na nyumba yake inafilisika. Kurasa hizi zote juu ya haki ya maji huwachosha wanafunzi wengi, nami nawasihi wasiziruke. Ndizo zinazotuonyesha kwamba maji ya mto ni mali, ni chakula, ni deni, na kwamba mtu aliye hodari wa kusaga nafaka aweza kuwa mtoto mdogo mbele ya sheria.

Binti yake, Maggie, naye aliangamizwa na mto, lakini kwa njia nyingine. Anapanda mashua pamoja na Stephen Guest, mchumba wa Lucy binamu yake. Mkondo unawachukua, saa zinapita, wanapita mahali walipokusudia kushuka. Kesho yake anakataa kuolewa naye, anarudi nyumbani peke yake. Kaka yake Tom anamfungia mlango. Na hapo mitaa ya St Ogg's inaanza kusema. Stephen, aliyeshika makasia, anasemwa kidogo na kuhurumiwa sana; Maggie anahukumiwa. Hata kasisi, Dk Kenn, aliyempa kazi ya kuwaangalia watoto wake, analazimika kumwachisha kwa ajili ya maneno ya watu. Kwangu mimi sura hizi ndizo bora kuliko zote katika juzuu ya tatu: hakuna anayepiga kelele, wala anayerusha jiwe, na hukumu inatimia.

Kisha yanakuja mafuriko. Maggie anavuta makasia usiku hadi kwenye kinu kumwokoa Tom, wanapatana, vipande vikubwa vya mbao vilivyong'oka gatini vinawaangukia, nao wanazama wamekumbatiana. Henry James, katika mwaka 1866, aliulaumu mwisho huu, akaona kwamba hadithi haikutuandaa kuupokea. Wengi wamemfuata tangu hapo. Lakini lawama hiyo haisimami vizuri. Mwezi wa Januari 1859, kabla hajaufikia mji wa Gainsborough, mwandishi alikuwa akipekua kumbukumbu za miaka iliyopita kutafuta habari za mafuriko. Kwa hiyo mji uliletwa kwa ajili ya mafuriko, wala si mafuriko kwa ajili ya kuumaliza mji. Na ndani ya kitabu, tangu sura za mwanzo mama anahofia watoto wake kufa maji, na Ogg anavusha watu katika gharika.

Kosa, kama nionavyo, liko mahali pengine. Mwandishi mwenyewe alikiri kwamba aliupenda mno utoto wa Maggie na Tom, hata juzuu ya tatu ikakosa nafasi. Mitaa ilikuwa imeuliza swali gumu: je, mwanamke huyu aweza kuishi kati ya watu waliokwisha kumhukumu, akitembea mchana mbele ya madirisha yao? Swali hilo lilistahili kujibiwa na watu. Badala yake linajibiwa na maji, katika kurasa chache mno, na Tom anaokolewa na kazi ya kuomba radhi mbele ya majirani. Mwisho huu hunitoa machozi kila niusomapo, na bado nauona ni mwepisi kuliko uliohitajika.

Katika ukurasa wa mwisho miaka 5 imepita. Kinu kimejengwa tena, gati zimejaa shughuli, vyombo vinapakia na kupakua. Watu wawili waliompenda Maggie wanazuru kaburi lake kwa nyakati mbalimbali. Juu ya mabibi wa St Ogg's, na yale waliyoyasema juu yake baada ya maji kupungua, hatusikii hata neno moja.