Hekima ya Mfua Shaba: Neno Moja katika Biblia na katika Maisha ya Kila Siku

Katika mahubiri, na hata katika madarasa yetu, neno hekima huingia likiwa limekwisha kuvikwa joho la hakimu. Jambo hilo halishangazi. Kiswahili kililipata neno hili kutoka Kiarabu, pamoja na ndugu zake wa mzizi mmoja: hukumu, hakimu, mahakama. Kwa hiyo msikilizaji akitajiwa hekima humwona Sulemani kitini, upanga umeletwa, na wanawake wawili wanagombania mtoto. Makala haya yanadai kwamba picha hiyo, ingawa ni ya haki, imeficha nusu ya maana ya neno katika Maandiko, na kwamba nusu iliyofichwa ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya watu wa Lubumbashi.

Tuanze na kitabu kilekile cha Sulemani. Sura ya 3 ya Wafalme wa Kwanza yaeleza jinsi mfalme alivyopewa hekima. Katika sura ya 7 anatokea mtu mwingine aliyejaa hekima: Hiramu wa Tiro, mwana wa mjane wa kabila la Naftali, na kazi yake ni kufua shaba. Neno la Kiebrania ni lilelile, hokma, ndugu wa damu wa hekima yetu. Mwandishi hakumpimia Hiramu hekima ndogo, ya mikono tu. Vivyo hivyo katika Kutoka: Bezaleli na Oholiabu waliotengeneza hema takatifu, na wanawake waliosokota singa za mbuzi, wote wanatajwa kwa neno hilo. Na katika Zaburi ya 107, mabaharia waliozidiwa na dhoruba wanapotewa na hokma yao, yaani ule ujuzi wa kuongoza chombo.

Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, wanastahili sifa hapa. Kwa Bezaleli na kwa Hiramu walishikilia neno hekima, ingawa ujuzi na ustadi yalikuwa karibu nao. Kwa mabaharia walilegea wakaandika akili, na uzi ukakatika. Lakini upungufu mkubwa zaidi nauona ndani ya kisa cha Sulemani mwenyewe. Alichoomba mfalme, kwa Kiebrania, ni moyo unaosikia. Wafasiri waliandika moyo wa adili. Adili ni neno zuri, lakini nalo, kwa asili yake ya Kiarabu, latoka palepale penye haki na hukumu, sikio limepotea. Hasara hiyo si ndogo, kwa maana kisa chote kimejengwa juu ya sikio: kabla ya kuagiza upanga, mfalme anayarudia maneno ya mwanamke wa kwanza na ya wa pili, ili ijulikane kwamba ameyasikia yote mawili.

Tena Kiswahili hakikuwa na haja ya kukwepa. Katika usemi wa kwetu mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa na baridi, na akijua lugha ya wenyewe tunasema anaisikia. Methali ya asiyesikia la mkuu, aliyevunjika guu, haisemi habari ya uziwi. Moyo unaosikia ungeeleweka na bibi kizee yeyote wa Kenya au Katuba bila kamusi.

Pingamizi moja ni zito, nalo latoka ndani ya Maandiko yenyewe, walau kwa Wakatoliki. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anawasifu mkulima, mchonga mihuri, mhunzi na mfinyanzi. Bila wao, asema, mji haukaliki. Hata hivyo anawanyima nafasi katika baraza na katika kiti cha hukumu, kwa sababu hekima ya mwandishi huhitaji muda wa kupumzika na kazi. Bin Sira alikuwa mwandishi, na mgawanyo wake ulimfaa mwandishi. Sisi wa chuo kikuu tu wajukuu zake, na tunaupenda mgawanyo huo kuliko tunavyokiri. Lakini twaishi juu ya ardhi ambayo, muda mrefu kabla Union Minière haijaundwa mwaka 1906, mafundi walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani na kumimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha mbali na hapa. Aliyejua moto umefikia wapi kwa kuitazama rangi yake, Kutoka kingempa jina gani?

Mitaani neno linalosikika si hekima, bali mayele. Wahubiri wengi hulichukia, kwani huwakumbusha ujanja na kile Kifungu cha 15 ambacho kila Mkongomani anakijua ingawa hakimo katika katiba yoyote inayotumika: jitafutie mwenyewe. Nadhani wanaharakisha. Mama anayeuza unga sokoni anajua gunia moja litatoa makopo mangapi, nani akopeshwe, na siku gani mshahara umechelewa mjini. Ujuzi huohuo ndio unaomwezesha mwingine kubonyeza kitako cha kopo ili unga upungue. Mithali zinalaani mizani ya uongo. Hazilaani kujua kupima. Na Yakobo, katika sura ya 3, anapotenga hekima itokayo juu na ile ya dunia, hapimi wingi wa akili. Anatazama matendo: panapo wivu na ugomvi, au panapo amani na rehema. Kwa kipimo hicho mayele ya yule mama wa kwanza yana haki ya kuitwa hekima kanisani, Jumapili, kwa sauti.

Ikiwa siku moja patafanywa tafsiri mpya kwa ajili ya wasomaji wa Kongo, ningependa wafasiri wawe na fundi wa kuyeyusha shaba mezani pao watakapofika sura ya 7 ya Wafalme wa Kwanza, na wamwulize yeye kwanza.