Kilima cha Leopardi: Kutoka "Huu" Hadi "Ule"

Kwa Kiswahili, kiambishi ki- kinatosha kuushusha mlima ukawa kilima. Monte Tabor wa Recanati, Italia, unastahili kushushwa hivyo. Ni kilima tu, jirani na nyumba alikozaliwa mshairi Giacomo Leopardi mwaka 1798. Mwaka 1819 alikitungia "L'infinito", nalo shairi halikikwezi hata kidogo.

Lina mishororo 15 ya mizani 11, bila vina. Msomaji aliyelelewa na tarbia atatafuta pa kutua asipaone. Mshororo wa kwanza unajitegemea: unakitaja kilima, na hakitajwi tena. Baada yake inatawala mishata. Neno lenye maana ya kutokuwa na mwisho limewekwa mwishoni kabisa mwa mshororo wa 4, lakini halikomi hapo, kwani nomino inayosifiwa inasubiri katika wa 5. Umbo linatenda kile ambacho neno linasema.

Safari yenyewe inafanywa na viashiria. Viko 8: sita vya karibu, viwili vya mbali. Uzio wa miti unaomkinga mshairi asione upeo unaanza kuwa "huu". Mawazo yakishauvuka, unageuka "ule", ilhali mwenyewe hajainuka alipoketi. Kimya kisicho na kikomo kinaanza kuwa "kile", lakini kufikia mwisho ukubwa wote huo ni "huu", na bahari anamozama kwa raha ni "hii". Cha karibu kimeenda mbali, cha mbali kimekuja miguuni. Kilele kirefu kingemwonyesha kila kitu, kisimwachie la kuwaza.

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapopata kazi. Katika Kiitaliano, shina la kiashiria cha karibu, "questo", linasikika lile lile tangu kilimani hadi baharini. Kwetu upatanisho wa ngeli unalitawanya: kilima hiki, uzio huu, bahari hii. Kinachobaki imara sikioni ni -le ya mbali, yaani vile viwili vilivyokusudiwa kuwa vichache vingevuma kuliko sita. Labda dawa ni kuchagua nomino zinazochukua kiashiria kimoja, hata kama kilima kitalazimika kuitwa mwinuko: mwinuko huu, uzio huu, upepo huu, ukubwa huu. Kitapoteza ki- yake ya unyenyekevu, lakini mwendo utabaki.