Picha Yako Ni Moto, Lakini Umeona Nini?

"Moto." "Noma." "Umeua, bro." Ukikaa na vijana wa kamera popote Nairobi, hayo ndiyo maneno utakayoyasikia kwanza, na mara nyingi hayo hayo ndiyo ya mwisho. Simu inapitishwa mkono kwa mkono, vichwa vinatikiswa, mwenye picha anasema asante, inaletwa picha nyingine. Watu wanaenda nyumbani wamefurahi na hakuna aliyejifunza kitu.

Mimi niko kwenye kikundi kama hicho. Tuko kumi na wanne tukijitokeza wote, jambo ambalo hutokea tu kukiwa na keki. Jumamosi tunatembea na kamera: Gikomba, River Road, Marikiti, tukikwepa askari wa kaunti wanaouliza kibali. Halafu tunaingia kibandani, tunaagiza chai na chapo, tunaangalia kazi. Watu wengi wameandika kuhusu picha za Nairobi. Mimi nataka kuhakiki kile kinachosemwa mezani baada ya picha kupigwa, kwa sababu nadhani hapo ndipo tunapoangusha kazi.

Na si jambo dogo. Wengi wetu hatuna shule nyingine. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Kuna mwenzetu anayeuza viatu, mwingine ni fundi wa simu, wawili wanapiga harusi wikendi na kodi ya nyumba inategemea hizo harusi. Mwanafunzi wa sanaa ana mhadhiri anayelipwa kumwambia ukweli. Sisi tuna meza ya kibanda. Meza ikitudanganya, hatuna pa kukata rufaa.

Tuanze na sifa. Wahenga walishasema kuhusu mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini tusijifanye hatujui sifa hizi zinatoka wapi. Zinatoka kwa huruma. Karibu kila mtu mezani ameshaulizwa na mzazi hiyo kamera itamlisha lini. Ameshacheleweshewa malipo na mteja miezi mitatu. Akifika Jumamosi na picha, unahisi jukumu lako ni kumpa nguvu ya kurudi tena. Naelewa. Shida ni kwamba "moto" haimpi mtu chochote cha kubeba. Hajui kilichofanya kazi ni nini, kwa hivyo hawezi kukirudia wala kukiacha.

Dawa tuliyoipata kwa hilo ni mbaya vilevile. Akaja mkaguzi. Kila kikundi kina mkaguzi wake, na wakati mwingine wako watatu. "Upeo umepinda." "Umevunja kanuni ya theluthi." "Iko na noizi." "Kata hapo kushoto." Anasema haraka, anasema kwa uhakika, na kwa sababu anatumia istilahi, tunadhani amehakiki. Hajahakiki. Amekagua, kama polisi wa trafiki anavyokagua matatu: taa, tairi, mikanda. Abiria wanaenda wapi, hajauliza.

Nadhani najua tabia hii tuliitoa wapi. Tulifundishwa uhakiki shuleni, na uhakiki wenyewe ulikuwa kuorodhesha. Tulisoma *Kidagaa Kimemwozea* tukiwa na kalamu mkononi, tukiwinda tashbihi, tashihisi, takriri na majazi. Mbinu moja, mfano mmoja, alama moja. Ungeweza kupata alama zote bila kusema kitabu kilikufanya nini. Sasa tumekua, tumenunua kamera za mtumba, na tunasoma picha vilevile: tunahesabu mbinu.

Nitoe mfano. Dada mmoja kwenye kikundi, mtu wa maneno machache sana, alileta picha aliyoipiga Marikiti saa kumi na moja asubuhi. Mama anahesabu pesa chini ya balbu moja. Zinaonekana vidole, noti na ukingo wa shavu. Mengine yote ni giza. Nyuma yake kuna wanaume wenye magunia, lakini ni vivuli tu. Meza ikaamka. "Iko giza." "Inua mwanga huku." "Uso hauonekani, sasa hadithi iko wapi?"

Jumamosi iliyofuata akarudi nayo imerekebishwa. Uso wazi, magunia wazi, beseni la plastiki wazi, hadi maandishi kwenye kreti ungeweza kuyasoma. Pesa zimekuwa kitu kimoja kati ya vitu ishirini. "Sasa iko sawa!" tukaambiwa. Ilikuwa sawa kabisa kwa kalenda ya benki.

Kuna mzee hutembelea kikundi mara moja moja. Zamani alikuwa na studio, ya pazia lenye mandhari ya kuchorwa na kiti kimoja kizuri. Aliomba aone picha zote mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyu mama alikuwa anamficha nani hizo pesa?" Dada akajibu kwamba kweli, mama alikuwa amegeukia ukuta, kwa sababu ya watu waliokuwa wakipita. Mzee akasema, "Basi umewawashia taa wezi."

Hapo ndipo niliona tofauti. Meza nzima iliangalia giza kama kosa la kamera. Mzee aliangalia giza kama kitu ambacho yule mama alikuwa anakihitaji. Hakutumia istilahi hata moja. Aliuliza swali kuhusu kilichokuwa ndani ya picha, na swali likamrudishia mwenye picha kazi yake.

Kosa la meza yetu ni la zamani, na limefanywa na watu waliolipwa kulifanya. Mwaka 1955 na 1956, Robert Frank, mpigapicha aliyezaliwa Uswisi, alizunguka Marekani kwa gari. Kutokana na safari hiyo alichagua picha 83, zikatoka kama kitabu Paris mwaka 1958 na Marekani mwaka 1959, *The Americans*. Jarida la *Popular Photography* likamshukia: picha zina ukungu, zina chembechembe, mwanga ni mchafu, upeo umelala upande. Ukisoma malalamiko hayo leo utadhani wako kibandani na sisi. Na kila kasoro waliyoitaja ilikuwemo kweli! Walikosea tu kudhani kwamba orodha hiyo ni hukumu. Leo kitabu hicho ni kati ya vitabu vya picha vyenye ushawishi mkubwa zaidi wa karne iliyopita.

Kwetu sisi neno "iko giza" lina uzito mwingine pia. Kwa miongo mingi, maabara za picha za rangi zilipima rangi kwa kutumia kadi ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Akionekana vizuri yeye, mashine iko sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameandika kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi Kodak ikaboresha filamu walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, waliotaka kahawia zao zitofautiane. Kwa hivyo kabla hujamwambia mtu ainue mwanga kwenye uso mweusi, jiulize kipimo cha "sawa" ulichonacho kichwani ulikipata wapi. Pengine uso uko sawa na kipimo ndicho kimepinda.

Roy DeCarava, mpigapicha wa Harlem, alijibu swali hilo kwa maisha yake. Alichapisha picha zake kwa kijivu kizito na weusi wa kina, ukalazimika kusimama mpaka macho yazoee, kama mtu aliyeingia chumbani kutoka juani. Hakuna mkaguzi angempitisha.

DeCarava ananileta kwa kikundi ambacho natamani kila mtu wa kamera Nairobi akijue. Mwaka 1963 wapigapicha weusi wa New York walianzisha Kamoinge Workshop, na DeCarava akawa kiongozi wake wa kwanza. Ndiyo, Kamoinge ni neno la Kikuyu. Walilikuta kwenye kitabu cha Jomo Kenyatta, *Facing Mount Kenya*, na walilielewa kama kundi la watu wanaofanya jambo kwa pamoja. Wanaojua methali ya Kikuyu kuhusu kikundi kidogo kinachoinua kinu wataelewa kwa nini jina linafaa. Walikutana nyumbani kwao kwa wao, wakapika, wakasikiliza jazi, kisha wakabandua kazi za wenzao bila kupakana mafuta.

Waliweza kuwa wakali kwa sababu sufuria lilikuwa moja. Mtu aliyekula ugali wako akikwambia picha yako imelala, unajua hataki ufe njaa. Sisi tumeiga ukali bila kula pamoja, ama tumekula pamoja tukaacha ukali. Na tusiwafanye malaika: Ming Smith alipojiunga mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa mwanamke wa kwanza kwenye kikundi hicho. Nani yuko mezani ni sehemu ya uhakiki. Yule dada wa Marikiti alikuwa mmoja kati ya wasichana watatu siku hiyo, na wanaume tisa walimweleza jinsi ya kumwangalia mama anayehesabu pesa.

Tulijaribu utaratibu pia. Mmoja wetu alileta mbinu ya Liz Lerman, mwanadensi wa Marekani aliyeianzisha karibu mwaka 1990. Ina hatua nne. Kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa. Pili msanii anauliza maswali yake. Tatu watazamaji wanamuuliza maswali yasiyobeba hukumu ndani. Nne wanatoa maoni, lakini wanaomba ruhusa kwanza. Kwa wiki chache ilitusaidia sana, hasa ile hatua ya pili, kwa sababu wengi wetu tuligundua hatuna swali. Tulikuwa tumeleta picha ili zipigiwe makofi.

Lakini nina wasiwasi nayo. Vijana wa Nairobi ni wepesi wa kugeuza utaratibu kuwa adabu. Baada ya muda, "naomba ruhusa kutoa maoni" ikawa wimbo, na maswali yasiyo na hukumu yakawa hukumu iliyovaa tai: "Je, ulifikiria kutopinda upeo?" Hatua nne haziwezi kumfanya mtu aangalie kama hataki kuangalia.

Na kupokea je? Hapa tumedanganywa kwamba anayepokea vizuri ni yule anayenyamaza na kutii. Mimi niliwahi kuleta picha ya steji ya Ambassadeur jioni, na mkono wa makanga umeingia kutoka kushoto, mkubwa, bila mwili. Wanne wakasema niukate, unasumbua. Nikauliza unasumbua nini. Mmoja akasema, "Unanifanya nihisi nasukumwa." Nikamshukuru sana, na nikauacha mkono. Alinipa kitu cha thamani, yaani alichohisi, na pia akanipa dawa ambayo sikuihitaji. Mtazamaji anajua zaidi yako kuhusu alichohisi. Nini kifanyike, hilo ni lako. Ukichanganya hayo mawili utatii kila mtu mpaka picha iwe ya kikao, ama utakataa kila mtu na ubaki na kioo.

Kuna picha moja bado inatutenganisha. Jamaa alileta chokoraa amelala kando ya ukuta, chupa ya gamu bado iko mdomoni, imepigwa kutoka juu. "Moto," watu wakasema. "Hiyo ni hisia tupu." Dada mwingine akauliza, "Akiamka akaiona, atasema nini?" Jamaa akapandwa na hasira. Tunahakiki picha ama tunahakiki tabia?

Nimelifikiria swali lake kwa muda, na naona halina mipaka anayodhani linayo. Alisimama juu ya mtoto, akaelekeza lenzi chini. Huo ni mpangilio wa picha kama vile kanuni ya theluthi ilivyo mpangilio. Ukiniruhusu kuongea kuhusu pembe, umeniruhusu kuongea kuhusu nani amesimama na nani amelala. Mtoto huyo hayuko mezani, hana hatua ya pili wala ya tatu, hawezi kuomba ruhusa wala kunyimwa. Mhakiki ndiye mtu pekee pale anayeweza kukaa upande wake kwa dakika mbili. Jamaa alikosa wiki kadhaa, kisha akarudi. Picha hiyo hajaifuta, na hajaileta tena. Bado tunasalimiana.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo, na ni kwa kikundi chetu na chako. Picha ikifika mkononi mwako, niambie jicho lako lilianza wapi, lilienda wapi, na lilikwama wapi. Niambie kitu ulichokiona ambacho mimi niliyesimama pale sikukiona. Kanuni tutazifikia, chai bado ipo. Na kama huna la kusema, kuna sentensi nzuri kuliko "moto," na hakuna mtu huitumia: "Ngoja, bado naangalia."