Malaria ya Mgeni

Katika Far Cry 2 bunduki hukwama. Umejibanza nyuma ya lori lililoungua, adui yuko hatua kumi mbele yako, unafyatua, na kinachotoka ni mlio mkavu wa chuma. Itakubidi uigongegonge hapohapo mpaka ganda lililonasa litoke, huku mwenzako akiendelea kukumiminia risasi. Bunduki uliyookota kwa maiti ina kutu na haina ahadi. Ukitaka mpya nenda kwa muuza silaha, na umlipe kwa almasi. Nchini humo hakuna fedha nyingine.

Naanza na jambo hili dogo kwa sababu ndilo linaloitenga gemu hii na ndugu zake. Katika gemu nyingi za vita ambamo unaona kila kitu kwa macho ya mpiga risasi, silaha haichoki wala haichafuki, na mazingira yote yamepangwa yamtii mchezaji. Far Cry 2 ilitengenezwa na Ubisoft Montreal, Clint Hocking akiwa mkurugenzi wa ubunifu, ikatoka Oktoba 2008 kwa ajili ya PlayStation 3, Xbox 360 na kompyuta. Mimi nimeicheza kwenye PlayStation 3 ya mtumba, miaka mingi baada ya wenzangu kuisahau. Sijaona gemu ya aina yake yenye ujasiri kama huu. Sijaona pia iliyonikera kiasi hiki, na kero yenyewe inaanzia palepale penye ujasiri.

Wewe ni mamluki. Unaingia katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina kumuua muuza silaha aitwaye Jackal, ambaye amezipa silaha pande zote mbili za vita. Kabla hujaanza kazi malaria inakuangusha. Unapozinduka, mtu uliyekuja kumuua yuko kando ya kitanda chako, anakusomea Nietzsche, kisha anakuacha hai. Baada ya hapo unatumikia makundi mawili, UFLL na APR, leo hili na kesho lile. Majina yao kwa urefu yanataja ukombozi na umma. Kazi wanazokupa ni kulipua, kuua na kuchoma. Na kwa kuwa kila kazi ni ya siri, hata askari wa upande uliokuajiri wakikuona barabarani watakupiga.

Mwaka 2007 Hocking aliandika makala iliyojadiliwa sana kuhusu gemu ya BioShock. Hoja yake ilikuwa kwamba hadithi ya gemu ile inasema jambo moja, na vitendo anavyotakiwa kufanya mchezaji vinasema jingine. Far Cry 2 inasomeka vizuri kama jibu lake kwa hoja yake mwenyewe. Hadithi inasema vita hii inaendeshwa na tamaa, na vidole vyako vinatoa ushahidi. Mara nyingi nimeiacha kazi niliyotumwa nikazunguka vichakani kwa sababu taa ndogo ya GPS ilikuwa inapepesa, ishara kwamba karibu hapo kuna mkoba wa almasi. Hakuna aliyenilazimisha.

Hata lile linalolalamikiwa zaidi na wachezaji, mimi nalitetea. Unawaua walinzi wote wa kizuizi kwenye njia panda, unaenda zako, ukirudi unakuta wengine wamesimama pale pale kana kwamba hukupita. Inachosha, ndiyo. Lakini inasema kweli kuhusu mamluki: anaweza kuua kutwa nzima bila kubadilisha chochote. Far Cry 3 ya mwaka 2012 ilirekebisha “kasoro” hiyo. Humo ukiteka kambi imetekwa, na wenyeji wa kisiwa wanamshukuru kijana wa Kimarekani aliyekuja kuwakomboa. Bunduki hazikwami tena. Malaria imeondolewa. Wachezaji wengi walifurahi. Mimi naona tulipewa shukrani ambazo hatukuzifanyia kazi, na gemu ya kabla yake ilikuwa na heshima ya kutunyima.

Basi tuiangalie hiyo malaria. Kila baada ya muda macho ya mhusika wako yanaingia ukungu, picha inayumba, na lazima ubonyeze kitufe ameze kidonge. Vidonge vikikuisha, utaanguka. Ni ubunifu mzuri kwa sababu unampa mpiga risasi mwili usiomsikiliza: homa inaweza kuja katikati ya mapigano bila kujali mpango wako. Rafiki yangu aliyekuwa akinitazama nikicheza alicheka mara ya kwanza alipoona. “Kidonge kimoja, halafu anakimbia? Huyo hajawahi kuumwa.” Sisi tunaijua dawa ya mseto: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, jumla 24, na mdomo mchungu kiasi cha kukataa hata uji. Lakini sitaki kuihukumu gemu kwa kukosea dozi. Hakuna ambaye angekaa siku tatu sebuleni kumtazama mamluki akitetemeka chini ya blanketi.

Swali langu ni jingine: nani mwingine anaumwa? Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 95 ya vifo vya malaria hutokea katika Kanda ya Afrika, na kama robo tatu ya hao wanaokufa huko ni watoto wa chini ya miaka 5. Katika saa zote nilizocheza sikukutana na mtoto hata mmoja. Sikumwona mwenyeji mwenye homa. Ugonjwa ambao kwetu kila familia ina kisa chake, humu umekuwa mali ya mgeni mmoja, kitu cha kunogesha safari yake.

Linaloumiza zaidi ni namna unavyopata dawa. Vidonge vikipungua unakwenda kwa raia wanaojificha, mtandao wa siri unaopitia kwa watu kama padri wa kanisa la Pala. Unawapelekea hati za kusafiria ili waweze kutoroka, nao wanakupa dawa. Fikiria mabadilishano hayo. Familia iliyokimbia makwao, imejifungia chumbani katikati ya vita, inampa vidonge vya malaria mtu ambaye asubuhi hiyohiyo amelipwa almasi ili vita visiishe. Ni tukio zito kuliko yote niliyoyaona katika gemu hii, na gemu inalipita kama mtu anayejaza mafuta. Familia haina jina. Kidonge kilichotolewa hakimpunguzii mtu yeyote.

Nje ya vyumba hivyo nchi ni tupu. Ubisoft walijivunia ramani ya kilomita za mraba 50, yenye savana, msitu na jangwa, na moto unaotambaa kwenye nyasi kavu kufuata upepo. Ni kazi ya kupendeza kweli. Nimewahi kuacha vita nikatazama jua likichomoza. Lakini nimekutana na pundamilia wengi kuliko watu wasio na silaha. Hakuna soko, hakuna foleni ya maji, hakuna msiba. Programu iliyojenga mazingira yote hayo waliipa jina la Dunia, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Dunia hiyo ina nyasi, upepo na wanyama. Wenyewe hawamo.

Mtetezi atasema ndivyo ilivyokusudiwa, kwamba gemu inafuata nyayo za Heart of Darkness ya Joseph Conrad na inamshutumu mgeni, si mwenyeji. Nakubali kwamba inamshutumu. Lakini Chinua Achebe alishalijibu hilo mwaka 1975 katika mhadhara wake kuhusu riwaya hiyo: unaweza kumlaani Mzungu anayeharibikiwa Afrika na bado ukaifanya Afrika pazia la nyuma la kuharibikiwa kwake. Kutoitaja nchi kunarahisisha mambo. Call of Duty: Black Ops II ya mwaka 2012 ilimweka Jonas Savimbi wa Angola kwa jina na sura, na mwaka 2016 watoto wake watatu walikwenda mahakamani Ufaransa kulalamika. Walishindwa, lakini angalau kulikuwa na mtu wa kulalamika. Nchi ya kubuni haina mtoto wa kwenda mahakamani.

Mwishoni gemu inakutaka ufe ili raia wavuke mpaka. Ni uamuzi wa kijasiri kwa kitu kinachouzwa kama burudani, na nilipofika hapo sikuhisi kitu. Nilikuwa nakufa kwa ajili ya watu niliowaona vyumbani tu, kwa dakika chache, nikichukua dawa.

Ichezeni, bado naipa nafasi ya juu. Ila nacheza nikijua kwamba nyenzo za kuitengeneza vizuri zaidi zilikuwa tayari ndani yake. Gemu iliyoweza kukumbuka kutu ya kila bunduki ingeweza kukumbuka akiba ya vidonge ya nyumba moja. Unachukua chupa, unamaliza kazi yako kaskazini, unarudi wiki moja baadaye kwa saa za gemu, unabisha hodi, na yule mama aliyekupa dawa anafungua mlango akiwa peke yake.