Kuitengeneza Njia Bila ya Kuifunga

Katika jimbo la Montana, huko Marekani, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier, iko barabara ya maili 50 iitwayo Going-to-the-Sun, ambayo huanzia kwenye maziwa ya bondeni, ikapanda ubavuni mwa majabali hata kufikia kipito cha Logan, futi 6,646 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremkia upande wa mashariki. Barabara hiyo ilizinduliwa tarehe 15 Julai 1933. Na ilipokwisha kupita miaka zaidi ya sabini, ikawa haina budi kutengenezwa upya takriban kutoka mwanzo hadi mwisho, ilhali wageni kwa mamia ya maelfu wakiendelea kuipita kila kiangazi. Muradi wangu si kuusifu uzuri wa mahali hapo, bali kuichambua hesabu ya kungoja, yaani jinsi waliosimamia kazi ile walivyoutia muda wa msafiri katika mizani ile ile waliyopimia mawe na saruji.

Asili ya tatizo ni shauri lililokatwa zamani. Mhandisi George Goodwin alikuwa ametaka barabara ipande katika bonde la kijito cha Logan kwa kona 15 za kupinda na kurudi. Lakini Thomas Vint, ambaye fani yake ilikuwa kuipanga mandhari, alisema kwamba kona hizo zingelitia bonde zima kovu lisilofutika, naye akapendekeza njia ndefu zaidi, iliyochongwa katika genge la mwamba uitwao Garden Wall, yenye kona moja tu ya namna hiyo. Mwaka 1924 Frank Kittredge alipelekwa kuipima njia ya Vint, na kwa kuwa mahali pengine hapakuwa hata na pa kukanyaga, baadhi ya wapimaji wake walifanya kazi wakining'inia kwa kamba. Stephen Mather, mkuu wa idara ya hifadhi za taifa, aliikubali njia hiyo, nami naamini alikata shauri la haki. Walakini barabara iliyotundikwa juu ya genge haina uchochoro: upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni hewa tupu, na fundi akitaka kufukua hatua ishirini za lami, hana njia ya kando ya kuwapitishia wasafiri.

Adui wa barabara alikuwa maji. Huingia katika nyufa za kuta za mawe, yakaganda usiku na kuyeyuka mchana, na kila yagandapo hufura, hata jiwe lililopangwa na waashi hodari likasukumwa nje ya mahali pake. Makalvati ya zamani hayakuweza tena kuyapitisha yote, na maporomoko ya theluji yalikuwa yakizibomoa kingo mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Novemba 2006 dhoruba ya mvua ikaja ikachukua kipande cha barabara upande wa mashariki.

Sasa itazamwe kalenda. Uzoaji wa theluji huanza mwezi wa Aprili, na karibu na kipito, mahali paitwapo Big Drift, lundo lake huweza kufikia kimo cha futi 80. Barabara aghalabu haifunguki yote kabla ya mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai, na yapata Oktoba baridi hurudi na kuifunga. Kwa hiyo majuma ambayo saruji ya juu huweza kukauka vyema ndiyo majuma ambayo mgeni huweza kupita. Fundi na mgeni wote wawili wanadai siku zile zile, na siku hizo haziongezeki kwa fedha.

Mwaka 2003 mashauri manne yaliwekwa mezani. La kwanza lilikuwa kutengeneza palipoharibika tu, kwa muda wa miaka 50. La pili, kutanguliza penye hatari, kwa miaka 20. La nne, kuharakisha kwa kufunga sehemu nzima nzima. Likachaguliwa la tatu, la mafundi na wasafiri kuitumia njia kwa ushirika, likikadiriwa miaka 7 hadi 8. Tofauti ya muda kati ya hili na lile la kuharakisha ilikuwa ndogo mno, ilhali miji midogo ya jirani, ambayo riziki yake ya mwaka mzima hupatikana katika miezi mitatu, ingeumia sana kwa kufungwa njia. Hata hivyo kazi yenyewe ilivuka makadirio, kwani iliyoanza mwaka 2007 iliendelea kwa muongo mzima.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni namna ucheleweshaji ulivyowekewa mpaka. Anayesimamisha magari mahali pamoja huona anawachelewesha kidogo tu. Lakini vituo vinne vyenye kidogo chao humtia msafiri katika adha kubwa, wala hakuna msimamizi hata mmoja atakayekiri kuwa kosa ni lake. Dawa ikawa kukiweka kikomo juu ya safari nzima, kutoka upande hadi upande, ili kituo kimoja kikiongeza dakika, kingine kilazimike kuzipunguza. Kazi zisizowezekana huku magari yakipita mkono mmoja wa njia zilipelekwa usiku, au majira ya kuchipua na ya kupukutika, wakati njia ya juu imefungwa. Na mwaka huo huo wa 2007 yakaanzishwa mabasi ya bure, ili foleni iliyo mbele ya mshika kibendera iwe fupi.

Kuta nazo zilirudishwa kwa mawe ya pale pale, ili jicho lisione tofauti. Lakini palipo na mikondo ya theluji, ndani ya mawe umewekwa moyo wa zege lenye nondo. Penye mikondo mikali zaidi hapakujengwa ukuta kabisa: wamewekewa wasafiri kingo za magogo, ambazo mafundi huzing'oa kila mwaka kabla ya theluji, wakazirudisha mahali pake kabla ya gari la kwanza la kiangazi kupanda.