Nanga na Wasikizaji Wake

Kwa desturi ya Buhaya, mgeni hupewa buni za kutafuna kabla ya maneno mengi. Na msimu wa senene ukiwadia, bakuli huzunguka. Kutoka Buhembe, Bukoba, hadi Muleba, tamu haiwi tamu ila kwa kugawana. Nanga nayo (si ile ya jahazi) imelelewa humo: fundi hupiga nyuzi zilizotandwa juu ya mti uliochongwa kama hori, akaimba, na waliomzunguka ndio wenye utendi.

Mwaka 1970 Ruth Finnegan alitia shaka kama Afrika ina tendi. M. M. Mulokozi, ambaye watu wa pwani wanamjua kwa Tenzi Tatu za Kale (1999), alijibu mwaka 1983 kwa ushahidi wa nanga, na hoja yake ikasimama. Si haba. Lakini ushindi huo umetuponza kidogo. Wahakiki wengi humtafuta shujaa tu, uzawa wake na vita vyake; na Mugasha, mwenye ziwa na tufani, hugeuzwa kielelezo. Ziwa lenyewe, ambalo wasikizaji waliliamkia kila asubuhi, halitajwi.

Makala yake ya 1997 juu ya Habibu Selemani (takriban 1929–93) ni bora zaidi, kwani humo nanga ina mtu wake. Msomaji wa Al-Inkishafi atalielewa jambo hili upesi: nani asiyekumbuka zidaka na taa za Pate kabla hajayakumbuka mawaidha?